Mshipi wa Kipupwe

Watu wa bara ambao hawakujaaliwa kukaa pwani hudhani kwamba bahari ya kwetu, maadamu imo katika nchi za joto, haina majira ya baridi, na kwamba mvuvi huamka kila siku ya mwaka akayakuta maji yale yale, upepo ule ule na riziki ile ile aliyoiacha jana. Dhana hiyo haimdumu mtu aliyefika Mtwara katika mwezi wa Julai, akalala mtaa wa Magomeni chini ya shuka mbili, kisha akatoka nje baada ya adhana ya alfajiri na kupokewa na upepo wa kusi uliokuwa ukipenya baina ya kuta na miembe, ukibeba chumvi na manyunyu ya mchoo, na ukimfanya ajikunyate ndani ya koti ambalo nyumbani kwake aliliona mzigo usio na faida. Hicho ndicho kipupwe, ambacho huanza masika yanapokoma na kulegea karibu na Septemba. Hewa ya usiku hushuka kufikia nyuzi 20 hivi, na bahari ya nje, ile iliyo ng'ambo ya miamba, hujaa mawimbi yasiyompa nafasi mwenye ngalawa wala mwenye mtumbwi.

Nilikwenda huko kwa shauku ya kuona anachokifanya mvuvi wakati bahari imemfungia mlango. Nilikuwa nimeambiwa na wengi kwamba huo ni wakati wa kushona nyavu, kutia vyombo kalafati na kucheza bao barazani, na kweli niliwaona waliokuwa wakifanya hayo. Lakini wako wengine, na aghalabu ni wazee, wanawake na vijana wasio na chombo, ambao kwao kusi haifungi chochote. Wao huiona kuwa ni majira ambayo samaki husogea karibu na nchi kavu, na mtu aliye na mshipi, ndoana na subira anaweza kupata kitoweo bila ya kulowesha zaidi ya magoti yake.

Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao: mzee wa Kimaraba, mvuvi tangu utoto, aliyekwisha kuiuza ngalawa yake kwa sababu ya umri, na ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mjomba. Katika watu wa upande huu, ambao nasaba zao nyingi hufuatwa kwa mama, jina hilo lina uzito wake, kwani mjomba ndiye mwenye neno katika ukoo, ndiye aulizwaye kabla ya posa na kabla ya safari. Nilipompa shikamoo katika giza la alfajiri ile aliitika marahaba, akanitazama kuanzia miguuni, akasema, "Vaa koti, mwanangu. Upepo wa leo umetoka mbali." Yeye mwenyewe alivaa kanzu kuukuu na juu yake koti la sufu lililokuwa limepauka mabegani, na mkononi alishika ndoo yenye vibao vitatu vilivyoviringishiwa nyuzi za nailoni, kila kimoja na ukubwa wake, pamoja na chubwi za risasi alizozisubu mwenyewe ndani ya mchanga.

Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu kwa maumbile yake, na rasi ya Msangamkuu imejinyosha mbele yake ikiikinga na ghadhabu ya bahari kuu. Ndiyo sababu Waingereza, baada ya Vita Vikuu vya Pili, waliichagua kuwa mlango wa Mpango wa Karanga, wakajenga bandari na reli ya kuzileta karanga za Nachingwea mpaka majini. Mpango wenyewe ulivunjika mwaka 1951, reli ikafungwa na kung'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960, bali bandari ilisalia, na katika miaka ya karibuni imeongezewa gati jipya la mita 300 ambapo meli kubwa hufunga kuchukua korosho. Penye gati hilo pana uzio na walinzi, na hapana ruhusa ya kutupa mshipi. Wavuvi wa nchi kavu huenda upande wa Msemo, karibu na gati la kivuko cha MV Mafanikio kiendacho Msangamkuu, au hupanga miamba ya Shangani kila mtu penye jiwe lake.

Almuradi nilichokiona Msemo kilinifundisha kwamba uvuvi wa gatini ni ilimu kamili, ina misingi yake na dalili zake. Usiku, taa zinapoangaza maji, dagaa na kamba wadogo huifuata nuru; nyuma yao huja vibua; nyuma ya vibua, katika ukingo wa kivuli ambapo nuru inakoma, husubiri kolekole na mzia. Mgeni hutupa ndoana katikati ya mwanga kwa kuwa ndipo aonapo samaki wengi, naye atavua vibua usiku kucha. Usiku mmoja nilipofuatana naye, Mjomba alivua vibua viwili kwa uzi mwembamba, akavitia katika ndoo ya maji, kisha akachukua kibao cha pili chenye uzi mnene, ambao ncha yake ilikuwa na shibiri moja ya waya kwa sababu ya meno ya mzia, akamtunga kibua mmoja ndoana mgongoni, nyuma kidogo ya pezi, ili apate kuogelea akiwa hai, akamshusha taratibu pale penye kivuli. Hakutia chubwi, kwa kuwa uzito ungemwelemea samaki huyo na kuufichua mtego. Baada ya hapo alikaa kimya, uzi ukipita juu ya kidole chake cha shahada.

Nilijifunza kwake kwamba kila samaki ana namna yake ya kubisha hodi. Changu hugonga mara mbili tatu kwa haraka, ndipo akameza. Chewa humeza kwanza na kujirudisha pangoni, na asipozuiwa mara moja hujitanua humo akawa muhali kutoka. Chaa hunyonya chambo kwa utulivu hata mvuvi asihisi kitu. Na kolekole hana hodi kabisa, huja kwa kishindo na kuondoka na chote. Usiku ule alikuja kolekole. Uzi ulikimbia ukichora mkato katika maji, Mjomba akasimama, akauachia kidogo kidogo kupitia kitambaa alichokizungusha mkononi, na kila samaki alipopumzika alirudisha pima mbili, kisha tatu, akizungumza naye kwa sauti ya chini kwa Kimaraba, lugha ambayo nilielewa maneno yake machache tu. Alipotolewa majini alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, ubavu wake ukimeta, na vijana waliokuwa kando waliacha mishipi yao kuja kumtazama. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alisema, "Mungu akupe siha, Mjomba," naye akaitika amina huku akikata matumbo yake na kuyaweka kando, kwani hayo nayo yangekuwa chambo cha asubuhi.

Miamba ya Shangani ina adabu nyingine. Bahari ya huko wakati wa bamvua, siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yanapokupwa huuacha wazi uwanja mpana wa mawe, nyasi za bahari na vidimbwi. Wanawake huingia humo kwa makundi, kanga zimefungwa kiunoni, wakichokoa pweza kwa vyuma vyembamba na kuokota kome na chaza. Na hao, kwa maoni yangu, wanaifahamu ramani ya mwamba kuliko mwanamume yeyote mwenye mashua, ingawa si desturi kuwataja wavuvi wanapotajwa. Mama mmoja alinionyesha shimo la pweza ambalo nilikuwa nimelipita bila ya kuliona: alama yake ilikuwa ni maganda ya kaa yaliyosafishwa na kupangwa mlangoni. Maji yanapoanza kujaa wanawake hurudi, na hapo ndipo wenye mishipi hushuka kusimama juu ya ukingo, kwa sababu changu, tasi na pono huingia pamoja na maji mapya kulisha mahali palipokuwa pakavu saa chache zilizopita. Katika maji mafu, wakati bahari haipandi wala haishuki sana, wazee hawasumbuki kwenda. Kwa hiyo mvuvi wa Shangani huishi kwa mwezi zaidi ya jua, na nilipotaka kujua saa ya kwenda niliona hakuna haja ya kutazama saa. Mjomba alihesabu siku za mwezi kwa pingili za vidole, akataja wakati, na maji yakaja kama alivyosema.

Nilimwuliza kwa nini samaki husogea pwani wakati wa kusi. Alijibu kwamba mawimbi hufukua chini, yakatoa minyoo, kaa na vijidudu kutoka mchangani, maji yakawa na vumbi, na samaki mdogo hupata chakula na maficho pamoja, hatimaye mkubwa hufuata. Jibu hilo linakubaliana na jiografia ya mahali hapa. Mkondo mkubwa wa Ikweta wa Kusini, uliovuka Bahari Hindi nzima kutoka mashariki, hulipiga bara la Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mto Ruvuma, na hapo hugawanyika: mkono mmoja huelekea Msumbiji, na wa pili hupanda kaskazini ukipita mbele ya Mtwara, Kilwa, Mafia na Unguja. Pepo za kusi zinapovuma husukuma upande ule ule uendao mkondo huo wa kaskazini, kwa hiyo nao huongeza kasi, na mvuvi wa Mtwara husimama kando ya njia panda ya bahari. Mwenye tanga anayetoka wakati huo huenda Kilwa kwa wepesi asioutaka, na kurudi humtoa jasho.

Hapa ndipo nilipoanza kuitazama kusi kwa jicho jingine. Sisi tulio mbali huizungumza kuwa ni madhila ya mvuvi, na kwa hakika huleta njaa katika nyumba nyingi. Lakini fikiri miezi ile mitatu minne ambayo miamba ya nje haikufikiwa na mtu, mwaka baada ya mwaka, tangu enzi ambayo hapakuwa na serikali wala bwana samaki wala doria. Kusi ndiyo iliyokuwa sheria. Chewa walikua, pweza walikua, na upepo ulipolegea mvuvi alikuta bahari iliyopumzika. Siku hizi wataalamu na wanavijiji wa Songosongo, huko Kilwa, hufunga baadhi ya miamba ya pweza kwa muda wa miezi mitatu kisha huifungua, nao hupata pweza wazito kuliko wa zamani. Jambo hilo husifiwa kuwa ni maarifa mapya, na sifa linastahili, bali kwa insafu tukumbuke kwamba upepo ulitangulia kulifanya.

Kilichoivunja sheria ya kusi ni baruti. Mtu mwenye baruti hakuhitaji kusubiri bahari itulie wala kujua hodi ya changu. Alitupa mlipuko wake ndani ya ghuba penye maji shwari, katika maficho yale yale ambayo samaki walikuja kujihifadhi na mawimbi, akaokota waliokufa juu na kuwaacha wengi zaidi waliozama, na matumbawe yaliyojengwa kwa karne nzima yakawa kifusi. Pwani ya Mtwara iliteswa sana kwa jambo hilo. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa Mtwara na Lindi wenyewe, wakiona riziki yao inakwisha, waliungana katika chama walichokiita Shirikisho, wakaenda kupaza sauti mpaka kwa wakuu wa nchi. Na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza milipuko bila ya kigugumizi. Hata hivyo uovu ulirudi zaidi ya mara moja, na haukupungua kwa kiasi cha kuonekana mpaka vyombo mbalimbali vya dola viliposhirikiana kuufuata baharini na nchi kavu katika miaka ya kuanzia 2015 na kuendelea. Mjomba hupenda kusema mambo mengi, ila juu ya baruti husema maneno machache. Alininyoshea kidole sehemu moja ya maji, mbele ya Shangani, akasema, "Pale palikuwa na nyumba ya chewa," kisha akageukia mshipi wake.

Tulikwenda pia Msimbati, kilomita 45 hivi kutoka mjini, kwa njia ipitayo katikati ya mikorosho na minazi, ikaribiayo Madimba ambako gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 husafishwa na kusafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Eneo lote la huko, pamoja na mdomo wa Ruvuma, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, kwa hiyo tulianza kwa kwenda kwa wahusika kutaka ruhusa. Mchanga wa Msimbati ni mweupe na laini, na bahari yake imekaa karibu sana na kina: hatua chache tu kutoka ufukweni rangi ya maji hubadilika ikawa ya wino. Tukiwa tumesimama pale, mbali kidogo nje ya mkondo, tuliona pumzi nyeupe ikipanda juu, kisha mgongo mweusi, kisha mkia mpana uliopiga maji. Ni nyangumi wenye nundu, ambao kila kipupwe hutoka katika bahari za barafu zilizo kusini ya dunia kuja kuzaa na kulea katika maji yetu. Baridi ambayo sisi tuliifungia vifungo vya makoti kwao ilikuwa ni joto la kulelea watoto.

Uvuvi wa mawimbini ni kazi ya mwili zaidi kuliko ule wa gatini. Kijana mmoja wa kijijini alitufundisha: huingia majini mpaka mapajani baada ya wimbi la tatu kuvunjika, huzungusha ncha ya mshipi juu ya kichwa, chubwi ikivuma hewani, huuachia uzi unaotoka katika kibao alichokielekeza mbele kwa mkono wa kushoto, na chambo huanguka ng'ambo ya povu, katika mfereji ule ambao mawimbi yamejichimbia sambamba na pwani. Humo ndimo samaki hutembea. Mtu asiyejua hutupa mbali kupita mfereji na kushangaa kwamba hapati kitu. Yeye alijua mfereji ulipo kwa kutazama mahali ambapo wimbi hukunjamana, likasita, kisha likavunjika mara ya pili. Na kwa muda wa saa moja ya maji kujaa aliwatoa chaa wengi na kolekole wadogo, wakati sisi wageni wake tulipata kiasi cha kutosha kitoweo cha jioni.

Mdomo wa Ruvuma wenyewe tuliuona kwa mbali. Tangu vita vilipozuka Cabo Delgado, ng'ambo ya mto huko Msumbiji, mwaka 2017, mpaka ule hulindwa kwa hadhari kubwa, na mtu hazururi huko na mshipi. Lakini hata kwa macho ya mbali mtu huona kwa nini David Livingstone, alipofika hapo Machi 1866 akiwa na ngamia aliotaka kuwashusha, alishindwa na tope na mikoko, akalazimika kurudi kaskazini mpaka Mikindani kuanzia safari yake ya mwisho. Mikoko iliyomkataa ndiyo iliyo tumbo la uzazi la pwani hii yote. Mto hushusha udongo kutoka bara ya mbali, mikandaa huuzuia kwa mizizi yake, na baina ya mizizi hiyo kamba, mkizi na changu wachanga hukulia mpaka wapate nguvu ya kutoka kwenda miambani. Kolekole aliyekufa Msemo usiku ule, kama hakulishwa humo mwenyewe, alikula waliolishwa humo. Kwa hiyo kila shina la mkoko likatwalo kwa ajili ya kuni au boriti ni hasara ya mshipi wa mtu aliye mbali, asiyepata kuliona shina lile.

Tuliporudi mjini palikuwa na mazungumzo marefu barazani Magomeni, baada ya sala ya isha, baina ya Mjomba na kijana mmoja wa jirani aliyenunua mashua ya mashine na kutaka kutoka nje ya miamba pasipo kungoja upepo ushuke. Kijana alisema kwa heshima, lakini alisema kweli yake: mkopo haujui kaskazi wala kusi, na watoto hula mwezi wa Julai sawasawa na mwezi wa Desemba. Mjomba alikiri kwamba hilo ni neno la haki. Akamwambia kwamba mashine itamfikisha, na siku moja isipowaka, mkondo utampeleka Kilwa akiwa maiti. Na falau akirudi salama kila siku, basi mwamba hautapata tena miezi yake ya kupumzika, na mashua yake haitakuwa na cha kubeba baada ya miaka michache. Kijana akauliza afanye nini hata Septemba. "Njoo gatini," Mjomba alisema, akampa kibao cha tatu, kile kidogo, pamoja na chubwi mbili.

Alikuja. Alivua vibua na chaa, na usiku mmoja alipata mzia wa kiasi, akawapeleka soko la Feri asubuhi kabla ya wachuuzi kutawanyika. Na kwa kuwa hakuna samaki wa nje waliokuwa wamefika, aliwauza kwa bei ya kipupwe, ambayo iko juu ya ile ya kaskazi, akapata fungu la kwanza la deni lake la mwezi ule.